Kwa Nini Tulipiga Nyimbo Zilezile

Kijana aliyepokea funguo zangu za ukumbi aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza kuhusu paa linalovuja upande wa jukwaa, wala namna ya kumpata Bwana Shauri wa serikali atie sahihi karatasi kabla ya mwisho wa mwezi. Aliuliza kwa nini katika mashindano ya chemsha bongo tunapiga nyimbo zilezile ambazo kila mtu anazijua, wakati sanduku limejaa santuri nyingine. Alisema hiyo si kupima akili. Nilimjibu vibaya, kwa haraka, kwa kuwa lori lililobeba kitanda changu lilikuwa linaunguruma nje. Sasa muda ninao. Daktari ameandika kwamba sikio langu la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, na mtu asiyesikia hakabidhiwi gramafoni. Basi ninamjibu hapa, yeye na wenzake watakaokalia kiti kile.

Nilianza kazi pale kama tarishi. Nilitoka Upare nikiwa na elimu ya darasa la nne na kamusi isiyo na jalada. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga viti mia moja na ishirini, na kuzungusha mkono wa gramafoni watu wakitaka kucheza dansi. Siku ya kwanza nilikata springi. Ulikuwa mwezi wa Julai, ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye vioo vya madirisha, na chuma kilicholala kwenye baridi hakipendi kulazimishwa. Mimi sikujua, nilizungusha kama mtu anayeteka maji. Bwana Saidi, mtunza ukumbi, alisikia ule mlio akaja taratibu, akatazama ndani ya sanduku, akafunga kifuniko.

"Umeua," alisema. "Jumamosi utaimba wewe."

Jumamosi ile watu walicheza kwa mdundo wa debe la mafuta ya taa, na mpiga debe nilikuwa mimi. Hakuna aliyelalamika. Niliona hilo kuwa jambo la ajabu, na nikaliandika kwenye daftari langu, lakini sikulielewa.

Bwana Saidi alikuwa mtu wa ukoo wa Tanga, aliyezaliwa hapahapa mjini katika mitaa ya zamani. Yeye ndiye aliyeanzisha chemsha bongo. Timu zilikuwa za watu wanne: makarani wa reli, wauguzi wa hospitali, walimu, vijana wa mtaa wa Kijenge. Kulikuwa na maswali ya afya, ya jiografia, ya kilimo cha kahawa, na mwisho maswali ya muziki. Ukweli ni kwamba watu walivumilia kahawa na malaria ili wafike kwenye muziki. Unapigwa mwanzo wa wimbo, sindano inainuliwa, nahodha anasema ni wimbo gani na mwimbaji ni nani.

Maswali hayo Bwana Saidi aliyatunga akiwa amesimama. Alikwenda kwenye baraza la duka la santuri, ambako mwenye duka aliweka gramafoni mlangoni tangu asubuhi, akasimama pale na tasbihi yake kama mtu anayesubiri mwenzake. Hakusikiliza muziki. Alisikiliza watu wanaoondoka. Wimbo uliotoka barazani mdomoni mwa mtu, hata kwa mluzi, uliandikwa kwenye kadi. Usiotoka, haukuandikwa. Mimi nilimwona mvivu. Wakati huo nilikuwa nimeanza kununua vitabu vilivyokwisha tumika, nasoma kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na niliamini kwamba swali zuri ni lile ambalo jibu lake linafahamika na mtu mmoja, ikiwezekana mimi.

Bwana Saidi alipougua miguu, nami nimekwisha kupandishwa kuwa karani wa ukumbi, nikapewa mashindano. Nilifungua sanduku, nikachagua santuri tano za chini kabisa. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilipiga ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ninyi mtakaosimama pale mtakijua kimya hicho: watu mia mbili, waliokaa na waliosimama, wanaanza kutazama kofia zao.

"Karani, uliza tena kwa Kiswahili!" mtu alipiga kelele nyuma.

Nahodha wa reli, mtu mnene aliyependa kusimama hata pasipo lazima, alisema, "Hiyo santuri umejirekodia mwenyewe nini?"

Ya nne ilijibiwa. Nahodha wa wauguzi alitaja wimbo, mwimbaji, hata rangi ya karatasi iliyobandikwa katikati. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha ikajulikana kwamba shemeji yake ndiye anayefungua makasha ya mzigo pale dukani. "Amepewa jibu!" reli walisema. "Tumepewa akili!" wauguzi walijibu. Viti vitatu vilivunjika, na kimoja kilivunjikia mgongoni mwa mwenyekiti wa mashindano, mwalimu mpole ambaye hakuwa upande wowote.

Nilikwenda kumweleza Bwana Saidi kitandani. Alicheka hadi akashika goti.

"Wimbo unaojulikana hauna mwenyewe," alisema. "Hata asiye na gramafoni ameusikia barazani, bure, akiwa na mzigo wake kichwani. Ukiuliza wa chini ya sanduku, hupimi akili. Unauliza nani ana shemeji dukani."

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa kijana wangu, na ni jibu la haki. Nyimbo za watu wengi hutumika kwa sababu ndizo pekee ambazo karani mwenye mshahara na mbeba mizigo wanaziendea kutoka mahali pamoja. Kwa miaka mingi nililitumia na mashindano yalikwenda sawa. Kutokana na vile viti vitatu niliandika sheria, nikazibandika ukutani. Hakuna mtu wa ukumbi atakayetaja jibu kabla ya siku, kwa njia yoyote. Swali likijibiwa na mtu asiye katika timu, linafutwa. Na swali lililofutwa jibu lake halisomwi, kwa sababu likisomwa yule mpiga kelele atasema "si nilisema!", na viti ni ghali. Nilijivunia sheria hizo. Niliziandika kwa wino mweusi na rula.

Mama Eliamani alikuja mara ya kwanza saa sita ya mchana, Jumamosi, akitoka sokoni kuuza ndizi. Alisimama mlangoni na kapu tupu hadi nilipomaliza safu ya viti.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sanduku?"

"La ukumbi, mama. Mimi nalitunza."

"Mume wangu yumo humo."

Nilidhani jua limempata. Nikampa kiti, akakataa kiti, akaeleza akiwa amesimama. Mumewe, Anaeli wa Maji ya Chai, alikuwa mkulima wa kahawa na mwimbaji wa kwao. Zamani watu wa kampuni moja ya santuri walipita mjini na mashine yao, wakakodi chumba nyuma ya duka, wakawa wanaita kila mtu mwenye sauti. Anaeli aliimba mara moja, akapewa santuri mbili. Moja aliileta ukumbini. Ya pili alikwenda nayo nyumbani, na ingawa hakukuwa na gramafoni waliiweka mahali pazuri, mpaka siku wajukuu walipofunikia nayo chungu cha maziwa jikoni. Ilijikunja kama jani la mgomba. Anaeli mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa kifua.

Nilitafuta. Ilikuwa ya tatu kutoka chini. Nikaipiga. Mama Eliamani aliinamisha kichwa upande wa pembe ya gramafoni na kusikiliza hadi mwisho, kama mtu anayehesabu.

"Kikohozi hakikuingia," alisema.

"Kikohozi gani, mama?"

"Siku ile alikuwa anakohoa. Miaka yote nimetaka kujua kama kiliingia."

Kisha akasema lililomleta. "Muulize."

"Nimuulize nani?"

"Mume wangu. Kwenye mashindano yako. Waulize watu, huyu anayeimba ni nani? Nao waseme." Aliona sijaelewa. "Bwana Karani, sikuzaa mtoto wa kiume. Eliamani ni binti, ameolewa Kikatiti. Ndugu za mume wangu wamegawana shamba, na mtu akigawana shamba hataji jina la mwenyewe. Tangu azikwe jina lake nalisema mimi tu. Na nikilisema, najijibu."

Nilimweleza kwa utaratibu. Nilimweleza habari za baraza, shemeji na viti. Nilimwambia swali ambalo hakuna anayelijua ni adhabu kwa ukumbi, na kwamba santuri ile haikupata kuuzwa. Alinisikiliza kwa adabu kuliko watu wote niliowahi kuwaeleza sheria zangu.

"Kwa hiyo maji yanapelekwa kwenye shamba lililokwisha lowa," alisema. Akachukua kapu lake.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Hakuomba tena. Alikaa safu ya tatu, akasikiliza maswali yote, mkono wa timu yoyote ukiinuka anageuka kuutazama, kisha akaondoka kuwahi gari. Alifanya hivyo misimu miwili ya mvua. Kama angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Ndipo nikapata njia. Bwana Saidi alikuwa amekwisha kuzikwa, hivyo hakuna aliyenikosoa. Niliwaza hivi: kipimo ni wimbo utoke mdomoni mwa watu. Hakuna sheria inayosema lazima uingie kupitia baraza la duka. Basi kila Jumamosi, watu wakiwa wanaingia na viti vinapangwa, nitaupiga wimbo wa Anaeli, mara mbili, tatu, bila kusema neno. Ukishajulikana, nitauliza. Nilipanga Jumamosi tisa na kuzichora kwenye daftari.

Ya nne, makarani wa reli walikuwa wanaupigia mluzi. Ya sita, nilimkuta mwanamke Kijenge anafua nguo huku anauimba bila maneno, maana maneno yalikuwa ya Kimeru, na Wameru wenyewe walikuwa wachache ukumbini. Siku ya soko wao huwahi kupanda mlimani kwao. Nilirudi nyumbani nikaweka alama kwenye daftari. Kwa kipimo cha Bwana Saidi, Anaeli alikuwa amefaulu.

Jina sikulitaja. Lilikuwa jibu, na jibu halitajwi kabla ya siku. Mimi ndiye niliyeandika hivyo kwa rula. Nilitegemea kwamba mtu anayependa wimbo atasogea mezani asome karatasi ya katikati. Santuri ilikuwa wazi, mbele ya macho yao, kwa Jumamosi tisa.

Siku ya kumi ilikuwa fainali, reli na Kijenge. Nilikuwa nimemwambia Mama Eliamani aje. Alikuja na gauni la kanisani, akakaa safu ya tatu. Timu zilikuwa zimelingana tulipofika swali la kumi na moja. Nikaweka sindano.

Haikufika hata nusu ya mstari. Ukumbi wote ulilipuka kwa vicheko na makofi. Waliujua. Watu mia mbili waliujua, na nilimtazama Mama Eliamani nikaona ameweka mikono yote miwili mdomoni.

"Wa viti!" nahodha wa Kijenge alipiga kelele. "Wimbo wa viti!"

"Karani, umetuhurumia leo," alisema yule mnene wa reli akisimama. "Hilo hata mtoto analo. Ni wimbo wa viti!"

"Nauliza mwimbaji," nikasema.

"Mwimbaji si wewe? Nani mwingine anapanga viti humu?"

Walicheka tena. Hawakuwa na ubaya. Walinitania kama wanavyomtania mtu wao. Nikarudia swali, nikageuza saa ya mchanga juu ya meza. Timu ziliinamisha vichwa, zikanong'ona, zikatazamana. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimewafundisha kila kitu cha wimbo ule isipokuwa kile kimoja nilichotaka kuwauliza.

Zikiwa zimebaki sekunde chache Mama Eliamani alisimama.

"Ni Anaeli," alisema. Sauti haikuwa kubwa. "Anaeli wa Maji ya Chai. Ni mume wangu."

Vichwa viligeukia safu ya tatu. Kisha mtu wa nyuma akauliza, "Mama huyo ni wa timu gani?" Na kwa kuwa timu zilikuwa sawa, na kila upande uliogopa kwamba mwenzake atapewa alama, pande zote mbili zilianza: "Futa! Futa!"

Mwenyekiti alinigeukia. Alikuwa mwalimu yuleyule mpole. "Bwana Karani, sheria inasemaje?"

Nimekuwa na muda mwingi wa kufikiri nilichoweza kusema. Ningeweza kusema: mama amesema kweli, tumpigie makofi, kisha twende swali lingine. Ningeweza kulisoma jina kutoka kwenye kadi, liingie masikioni mwa watu kutoka mdomo wa pili. Ilikuwa kazi ya maneno matatu.

"Limefutwa," nikasema.

Nikaigeuza kadi uso chini. Swali la kumi na mbili lilikuwa wimbo wa dansi ambao mji mzima uliuimba mwaka ule. Kijenge waliwahi. Wakashinda, wakabebwa hadi barabarani. Nilipogeuka kutazama safu ya tatu, kiti chake kilikuwa kitupu.

Jioni ile nilikaa mezani hadi mtu wa mwisho alipotoka. Nilikuwa na kadi mfukoni na nilitaka mtu mmoja tu aje aulize, yule mzee aliyeimba ni nani hasa. Kijana mmoja wa Kijenge alikuja kweli. Aliuliza kama wiki ijayo tutaendelea na ule wimbo, kwa maana unafaa sana kupangia viti.

Jumatatu niliomba ruhusa, nikapanda basi hadi Maji ya Chai na santuri kwenye bahasha na gramafoni ya mkono magotini. Nilimkuta Mama Eliamani anapalilia kahawa. Alinawa mikono, akanikaribisha, akaniwekea ndizi na maziwa. Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Ulifuata sheria yako," alisema. "Mimi ndiye niliyesimama."

"Nimekuletea santuri. Ni yako."

Alinitaka niipige. Tulikaa nje ya mlango, nikazungusha mkono taratibu. Anaeli akaimba kati ya migomba yake. Mkewe alisikiliza, safari hii anatabasamu mahali fulani, kisha mahali pengine.

"Unajua anasema nini?" aliniuliza.

"Sijui, mama. Sijui Kimeru."

"Wiki zote hizo?"

Niliinua sindano.

"Anaita watu wa mfereji wetu waje kuuzibua. Anawataja mmoja mmoja, na kila mmoja anamtania. Huyu jembe lake halina mpini. Huyu mkewe ndiye amemwamsha. Ni majina matupu, mwanzo hadi mwisho."

Nilitoa kadi ileile mfukoni, nikaigeuza upande usio na kitu. "Wa kwanza ni nani?"

"Samweli. Wa jembe." Alisubiri niandike. "Nderingo. Loti, huyo ndiye mkewe amemwamsha. Yohane. Kisha ndugu wawili, Petro na Elia. Kisha Ndemasi, alikuwa na mguu mmoja mfupi, anaambiwa achimbe upande wa juu."

"Saba. Wengine?"

"Wako mwishoni. Rudisha."

Nikarudisha. Pale mwishoni, karibu na karatasi ya katikati, mistari ya santuri hubanana na sindano hukata zaidi kuliko mahali pengine. Kila mtunza gramafoni anajua hilo, na anajua dawa yake ni kubadilisha sindano mara kwa mara. Kwa Jumamosi tisa sikuibadilisha. Sindano mpya zilikuwa chache, niliziweka kwa ajili ya nyimbo za dansi, zile ambazo watu walikuja kuzisikia. Sauti ya Anaeli ilifika kwa Ndemasi, ikaingia kwenye mkwaruzo, haikutoka.

Tulipiga mara ya tatu. Alisogeza sikio hadi likagusa pembe.

"Hapo walikuwa watano," alisema. "Au sita."

"Huwakumbuki, mama?"

"Nilikuwa nawajua kwa kumsikia yeye."

"Hakuna mzee wa mfereji tunayeweza kumwuliza?"

"Wa umri wao wamekwisha wote."

Nilifunga gramafoni. Nikamwachia santuri. Kadi alinirudishia, akasema nibaki nayo, yeye hajui kusoma. Ninayo. Ina majina saba upande mmoja, na upande wa pili lipo swali lililofutwa.